Bajeti ya Likizo ya Pwani Zanzibar kwa Familia Itokayo Kenya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya familia ya Kenya inayotaka kuvuka mpaka na kupumzika Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, kwa siku tano hadi nane, bila kukopa na bila kurudi nyumbani na madeni. Msafiri wa Kampala au Kigali naye atapata mengi ya kumfaa, mradi abadilishe nauli na sarafu. Hesabu zote zimefanywa kwa kuchukua dola moja ya Marekani kuwa sawa na shilingi 130 za Kenya.

Nianzie wapi: tiketi, hoteli au jumla ya fedha nilizo nazo?

Anzia kwenye kalenda. Watu wengi huanza na picha ya hoteli waliyoipenda, kisha huihangaikia mpaka likizo nzima ikageuka kuwa utumwa wa chumba kimoja. Tarehe ndizo zinazoamua nauli, bei ya malazi, hali ya bahari na hata gharama ya teksi, kwa hiyo chagua wiki mbili au tatu zinazowezekana kwanza, ulinganishe nauli za wiki hizo, ndipo utafute pa kulala. Ukifanya kinyume chake utajikuta umeshalipia chumba katika wiki ambayo tiketi zake zimepanda maradufu.

Ni miezi gani yenye nafuu, na nafuu hiyo ina kasoro gani?

Unguja ina misimu miwili ya bei kali. Wa kwanza ni ule wa kusi, yaani upepo wa kusini, kuanzia Juni hadi Oktoba, wakati mvua ni chache, hewa ni ya baridi kidogo na wageni wa Ulaya wako katika likizo zao za kiangazi. Wa pili huanza katikati ya Desemba na kuendelea hadi Februari, upepo wa kaskazi unapovuma na jua likawa kali. Bei hushuka zaidi wakati wa masika, yaani kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na hulegea tena kiasi wakati wa vuli, hasa mwezi wa Novemba.

Mzazi wa Kenya huingia katika mtihani wake mwenyewe hapa, kwa sababu likizo za shule huangukia Aprili, Agosti, na Novemba hadi Desemba. Agosti ni ghali. Aprili ni rahisi kupita yote, lakini ndiyo kilele cha masika: mvua inaweza kunyesha siku nzima, safari za mashua zikaahirishwa, na baadhi ya hoteli za pwani hufunga kabisa kwa ukarabati. Desemba baada ya tarehe 15 haifai kuzungumziwa na mtu mwenye bajeti. Kinachobaki ni kipenyo kati ya kufungwa kwa shule na katikati ya Desemba, ambacho kwa maoni yangu ndicho bora kuliko vyote kwa familia yenye watoto ambao hawafanyi mtihani wa kitaifa. Mvua za vuli kwa kawaida huja kwa manyunyu au dhoruba fupi, kisha jua likarudi, na mwenye hoteli hupokea simu yako akiwa na hamu ya kupunguza bei.

Tahadhari moja ndogo: mwezi wa Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara hujaza Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar, na vyumba vya bei ya chini huwa vya kwanza kumalizika.

Ni ada na hati zipi zisizokwepeka?

Raia wa Kenya hahitaji viza kuingia Tanzania, na huo ni unafuu mkubwa ukikumbuka kwamba wageni wengi wa mataifa mengine hulipa dola 50, na Wamarekani dola 100. Hata hivyo, kitambulisho cha taifa peke yake hakitoshi kama kinavyotosha kwenda Uganda au Rwanda. Kama familia haina pasipoti, ziingize katika bajeti mapema: pasipoti ya kurasa 34 hugharimu shilingi 7,550 tangu viwango vilipopandishwa mwaka 2024, na kwa watu wanne hiyo ni zaidi ya shilingi 30,000 kabla hamjatoka mlangoni.

Ya pili ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo msafiri atokaye huko anaweza kudaiwa kadi anapoingia. Chanjo itolewe angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Kadi yenyewe sasa ni ya maisha, kwa hiyo kama ulichanjwa miaka mingi iliyopita usiruhusu mtu akuambie kwamba imekwisha muda.

Ya tatu ndiyo inayowashangaza watu wengi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya lazima inayotolewa kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, na kiwango kilichotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44. Bima uliyonunua Nairobi haichukui nafasi yake. Watu wazima wawili wanalipa dola 88, sawa na shilingi 11,440 za Kenya, na ukiwahesabia watoto wawili kiwango hichohicho kwa usalama wa hesabu, jumla inafika dola 176, yaani shilingi 22,880. Fedha hizo ni sawa na malazi ya siku moja au mbili. Ilipe kwa mtandao kabla ya safari, kwenye tovuti rasmi, na hapo ndipo utakapoona kiwango kinachowahusu watoto wako kulingana na umri wao.

Je, kwenda kwa basi na boti ni bei rahisi kuliko kuruka?

Ni rahisi, lakini si kwa kiasi ambacho watu hukidhani. Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne kutoka Nairobi, kwa makadirio ya kupangia na si kwa bei ya kampuni yoyote. Kwa ndege, tiketi ya kwenda na kurudi ikiwa shilingi 38,000 kwa kila mtu, jumla ni 152,000. Kwa barabara, basi la Nairobi hadi Dar es Salaam kupitia Namanga na Arusha, tukiliwekea shilingi 4,500 kwa mtu kwa kila upande, ni 36,000. Boti ya Dar es Salaam hadi Unguja, ambayo huchukua takriban saa mbili, humtoza mgeni nauli ya juu kuliko raia wa Tanzania. Tukichukua dola 35 kwa kila upande, watu wanne watalipa dola 280, ambazo ni shilingi 36,400. Mpaka hapo ni 72,400, na anayeishia hapo hujisifu kwamba ameokoa karibu 80,000.

Lakini basi hufika Dar es Salaam usiku au alfajiri na abiria wamechoka, na boti ina saa zake. Weka usiku mmoja wa kulala Dar wakati wa kwenda na mwingine wakati wa kurudi, tuseme shilingi 12,000 kwa jumla, na chakula cha njiani 8,000. Sasa barabara imefika 92,400, na kilichookolewa kwa kweli ni 59,600. Fedha hizo si haba, ila zimelipiwa kwa siku tatu au nne za likizo. Mwalimu mwenye mwezi mzima wa mapumziko anaweza kuzikubali. Mwajiriwa mwenye siku saba za ruhusa atakuwa amezitumia nusu yake garini.

Kwa wakaazi wa Mombasa na Kwale hesabu hubadilika, kwa sababu njia ya Lungalunga, Horohoro na Tanga ni fupi kiasi kwamba safari ya mchana mmoja inawezekana.

Nilale upande gani wa kisiwa?

Swali hili lina fedha nyingi ndani yake kuliko linavyoonekana, na jibu lake liko kwenye maji kujaa na kupwa. Nungwi na Kendwa, kaskazini, bahari haiendi mbali, na mtu huogelea karibu saa yoyote. Ndiyo maana vyumba vya huko ni ghali na hubaki ghali. Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe, upande wa mashariki, malazi ni ya bei nafuu, lakini maji yakipwa huondoka hadi mbali kuelekea mwamba, na kinachobaki ni mchanga, vidimbwi na mashamba ya mwani ya akina mama wa vijijini.

Wazee wa pwani hawahitaji kuelezwa hili, ila mtu wa bara mara nyingi hulijua akiwa ameshafika. Wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa hadi chini kabisa kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, kisha hujaa alasiri. Wakati wa maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka na maji hujaa karibu na saa hizohizo za asubuhi, ingawa hayajai sana wala hayapwi sana. Familia inayolala Jambiani katika wiki ya maji mafu itaogelea asubuhi mbele ya chumba chake kwa bei ya Jambiani. Familia ileile katika wiki ya bamvu itawatazama watoto wakilalamika mpaka alasiri, na siku ya tatu itakodi teksi kwenda Nungwi. Mimi nilifanya kosa hilo safari yangu ya kwanza: tofauti yote niliyoiokoa kwenye chumba niliimaliza kwa teksi mbili za kwenda na kurudi, na bado nililala mbali na maji niliyoyafuata. Jedwali la maji hupatikana bure mtandaoni. Litazame kabla ya kulipa amana.

Mji Mkongwe wenyewe si mahali pa kuogelea, lakini usiku mmoja au miwili pale mwanzoni hupunguza gharama, kwa sababu chakula ni rahisi na sehemu nyingi za kutembelea zinafikika kwa miguu.

Kwa nini bei niliyoiona mtandaoni si bei niliyolipa?

Kwa sababu bei ya mtandaoni mara nyingi ni bei ya chumba tu. Zanzibar ina kodi zinazotozwa hotelini, mojawapo ikiwa kodi ya miundombinu inayohesabiwa kwa kila mtu kwa kila usiku, na baadhi ya hoteli huidai papo hapo wakati wa kuingia au kutoka. Watu wanne kwa siku tano ni mara 20 ya kiwango hicho, hata kama kiwango chenyewe ni kidogo. Hoteli moja iliwahi kuniletea karatasi ya pili asubuhi ya kuondoka, gari likiwa limeshafika, na sikuwa na nafasi ya kubishana. Tangu siku hiyo huandika swali moja kwa barua pepe kabla ya kulipa chochote: «Je, bei hii inajumuisha kodi na ada zote, za chumba na za kila mtu, na je, kifungua kinywa kimo?» Jibu lililoandikwa lina uzito ambao ahadi ya simu haina.

Katika barua hiyohiyo uliza bei ya wakaazi wa Afrika Mashariki. Hoteli nyingi zinayo, lakini haionekani kwenye tovuti za kuwekea nafasi, na hupewa yule anayeiomba na kuonyesha pasipoti.

Nibebe fedha gani?

Shilingi ya Tanzania kwa matumizi ya kila siku, kadi ya benki kwa malipo makubwa, na dola chache mpya, safi, kama akiba tu. Kanuni zilizotolewa nchini Tanzania mwezi wa Machi 2025 zinakataza kutaja na kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, ingawa matangazo yanayomlenga mgeni yanaweza bado kuonyesha dola. Ukitajiwa bei kwa dola, omba itajwe kwa shilingi, kisha angalia kiwango kilichotumika, kwa kuwa muuzaji anayejipangia kiwango chake mwenyewe hajipangii hasara.

Shilingi moja ya Kenya hupata takriban shilingi 19 hadi 20 za Tanzania. Njia nyepesi ya kichwani ni kuondoa sifuri moja na kugawa kwa mbili: shilingi 30,000 za Tanzania huwa 3,000, kisha 1,500 za Kenya. Wasafiri wengi hupoteza fedha siku mbili za kwanza kwa kulewa na sifuri, ama kwa kuogopa bei iliyo ndogo, ama kwa kutoa bakshishi ya noti ya 10,000 wakidhani ni sarafu za mfukoni.

Mashine za ATM zipo Mji Mkongwe na uwanja wa ndege, lakini huwa chache kadiri unavyokwenda vijijini. Toa fedha kwa mkupuo mmoja, maana benki ya mashine na benki yako zote mbili huweza kukata ada kwa kila utoaji.

Usafiri wa ndani ya kisiwa nikadirie vipi?

Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hadi Nungwi ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa gari, na hadi Paje karibu saa moja. Kwa teksi weka dola 40 kwa kila upande, na uagane bei kabla mizigo haijaingia garini. Kwa gari za shamba, yaani daladala, nauli ni shilingi elfu chache za Tanzania: nambari 116 huenda Nungwi na 309 Jambiani. Ni safari ya polepole, yenye msongamano na mazungumzo mazuri, na inamfaa mtu mwenye begi moja. Familia yenye masanduku manne na mtoto mwenye usingizi ilipe teksi na isijilaumu.

Mlipe dereva, si mpatanishi. Mapapasi, yaani madalali wa mitaani, wa bandarini na wa Forodhani, bustani ya Mji Mkongwe yenye soko la chakula usiku, huongeza kamisheni yao juu ya bei yako, na Kiswahili chako hakitakuokoa kama hukuuliza bei mahali pengine kwanza. Lafudhi ya Nairobi inatambulika haraka kuliko pasipoti.

Chakula kitanigharimu kiasi gani kwa siku?

Inategemea hatua chache unazokubali kutembea. Sahani ya samaki kwenye mgahawa wa ufukweni na sahani kama hiyo kwenye mkahawa wa kijijini nyuma ya hoteli hutofautiana mara mbili au tatu kwa bei. Chagua malazi yenye kifungua kinywa, mle mchana kidogo kwa urojo (mchuzi mzito wa Zanzibar wenye bajia na viazi), chapati au mihogo, na kuweka mlo mmoja kamili jioni. Kwa mpango huo familia ya wanne huweza kupangiwa shilingi 6,000 za Kenya kwa siku. Forodhani usiku ni raha ya macho, lakini mishikaki ya samaki na kamba iliyopangwa mezani huuzwa kwa bei ya mgeni. Uliza bei ya kila kipande kabla hakijatiwa motoni.

Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana, na chakula cha hoteli ndicho kinachobaki. Ongeza bajeti ya mlo wa mchana, nawe utafidiwa jioni kwa futari isiyo na mfano.

Matembezi gani yanastahili gharama?

Changuu, kisiwa chenye kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli, ni rahisi ukiingia mashua ya pamoja. Msitu wa Jozani, makazi ya kima punju ambaye hapatikani popote duniani nje ya Zanzibar, unastahili kila senti. Safari za Mnemba, kisiwa kidogo cha kaskazini-mashariki, zina ada ya hifadhi juu ya nauli ya mashua, kwa hiyo uliza kama imo. Kwa watoto wengi matembezi mawili yanatosha kwa juma zima. Mengine wanayapata bure mchangani.

Mfano wa jumla ni upi?

Familia ileile ya watu wanne, siku sita, usiku tano, mwezi wa Novemba, kwa ndege, pasipoti na kadi za chanjo zikiwa zipo tayari: tiketi 152,000, bima 22,880, chumba cha familia Jambiani kwa 14,000 kwa usiku, kodi zote zikiwemo, 70,000, teksi ya kwenda na kurudi uwanjani 10,400, chakula siku sita 36,000, matembezi mawili 25,000. Jumla ni shilingi 316,280. Ongeza akiba ya asilimia 10, nayo inafika karibu 348,000.

Angalia kwamba karibu nusu ya jumla kabla ya akiba ni tiketi peke yake. Kumbana mwenye hoteli apunguze shilingi 1,000 kwa usiku kunaokoa 5,000. Kusogeza safari kwa siku nne na kupata tiketi iliyopungua 6,000 kwa kila mtu kunaokoa 24,000.

Akiba ya dharura iwe wapi?

Isiwe ndani ya pochi moja na fedha za matumizi. Iache kwenye akaunti yenye kadi nyingine, na huduma ya M-Pesa ya Kenya inayotuma fedha kwa nambari za Tanzania iwe imejaribiwa kwa kiasi kidogo kabla ya safari, kwa kutumwa kwa mtu unayemfahamu huko.

Shilingi za Tanzania zikibaki nifanye nini?

Zibadilishe kabla ya kuondoka kisiwani, au zitumie katika soko la Darajani, mjini Zanzibar, kununua iliki, mdalasini na karafuu za kupeleka nyumbani. Kiwango cha kuzibadilisha Nairobi hukatisha tamaa. Weka kando tu nauli ya kwenda uwanjani na ya chupa za maji. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hiyo beba kikapu chako cha ukili, ambacho kwa bei ya Darajani ni rahisi kuliko begi lolote la uwanja wa ndege.